Namna ya kusoma amri ya kufunga redio: mwongozo kwa wasikilizaji wa Lubumbashi

Kituo cha redio au televisheni kinapofungwa hapa Lubumbashi, kitu cha kwanza cha kutafuta ni nakala ya amri iliyokifunga. Uvumi utakuwa umeshatoka Kamalondo na kufika Ruashi kabla ya jioni, na huenda una ukweli ndani yake, lakini hauwezi kupelekwa mbele ya hakimu wala kuambatanishwa na barua. Mwombe mkurugenzi wa kituo akuruhusu kuisoma amri hiyo. Kama hakuna karatasi yoyote, yaani maofisa walikuja wakazima mtambo na kubandika muhuri mlangoni kwa agizo la simu, andika tarehe, saa na ofisi waliyosema imewatuma, kwa maana kukosekana kwa amri iliyoandikwa ni kasoro kubwa kuliko nyingine zote zitakazotajwa hapa.

Ukiipata, anzia chini, kwenye sahihi. Katiba ya Kongo ya 2006, katika ibara ya 24, inalinda uhuru wa kutangaza kwa redio na televisheni ndani ya mipaka ya sheria, na ibara ya 212 inaunda baraza la utangazaji na mawasiliano tunalolijua kwa jina la CSAC, ambalo sheria yake ni ya tarehe 10 Januari 2011. CSAC inashughulikia yanayosemwa hewani, na ina wajibu wa kuhakikisha kwamba vyama vyote vinapata nafasi kwa haki katika vyombo vya serikali. Leseni ya kuendesha kituo ni shughuli ya wizara ya mawasiliano, na frekansi ziko chini ya mamlaka ya udhibiti wa posta na simu, ARPTC. Kwa hiyo linganisha sahihi na kosa: ofisi ya frekansi ikilalamikia mdahalo wa kisiasa, au gavana, meya au mkuu wa usalama akifunga kituo kwa jina lake mwenyewe, una haki ya kuuliza ni ibara gani iliyompa uwezo huo. Wajumbe wa CSAC ni 15 na hutoka katika taasisi na makundi mbalimbali, lakini uteuzi wao unakamilika kwa amri ya Rais. Sheria inapoliita baraza huru, isomwe kwa kukumbuka hilo.

Kisha tafuta sababu, kwa kuwa kila aina ya sababu inadai ushahidi wake. Ya kiufundi ndiyo rahisi kupima. Nafasi ya FM, kati ya MHz 87.5 na 108, ni finyu, na vituo viwili vikirusha kwenye frekansi moja mjini, msikilizaji huenda asipate hata kimoja vizuri. Ndiyo maana hata watetezi wakali wa uhuru wa habari hawadai leseni zifutwe. Amri ya kiufundi iliyo ya kweli hutaja frekansi, nguvu ya mtambo kwa wati, mahali antena iliposimama na kituo kinachodhurika. Ikitaja tu kuvurugwa kwa mawimbi bila namba yoyote, omba ripoti ya vipimo, na uwaulize wasikilizaji wa hicho kinachosemwa kimedhurika kama waliwahi kusikia kelele hizo.

Sababu ya karatasi na malipo inahitaji uvumilivu zaidi, na kwa maoni yangu ndipo udhibiti hasa unapojificha. Fungua farde ya kituo kidogo cha jamii uone: hati ya kupokelewa kwa tamko la kuanzisha kituo, leseni, karatasi ya frekansi, hati za mtambo kupita forodhani, risiti za ada za ofisi hii na ile, moja wino umefifia, nyingine ni fotokopi ya fotokopi, na katikati bili ambayo mhasibu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba imelipwa nusu. Kituo kinachoishi kwa matangazo ya misiba na harusi ni nadra kuwa na kila kitu kikiwa kamili. Maana yake ni kwamba ofisa anayetafuta kosa atalipata siku yoyote atakayotaka, na vituo vyote vinaishi kwa kuvumiliwa hata pale visipojua. Kwa sababu hiyo usiishie kuuliza kama kituo kilichofungwa kina deni, maana mara nyingi kitakuwa nalo. Uliza ni nani mwingine ana deni kama hilo na bado yuko hewani. Chora jedwali la vituo vya mji: mmiliki ni nani, anaelekea upande gani kisiasa, ni karatasi gani inasemekana inakosekana, alipewa notisi ya siku ngapi, na kama alipewa nafasi ya kulipa kwa awamu. Waandishi wa vituo vingine watakusaidia zaidi ya unavyodhani, mradi usiandike majina yao.

Sababu ya tatu ni maneno yaliyosemwa hewani. Hapa dai upewe jina la kipindi, tarehe na sentensi inayolalamikiwa, na ukiomba kituo kikutolee rekodi, isikilize nzima, kwa sababu yapo pia matangazo ya chuki ambayo baraza lina haki ya kuyazuia. Tofautisha hayo na amri inayofunga mada nzima. Juni 2025 CSAC ilivikataza vyombo vya habari kutangaza shughuli za Rais wa zamani Joseph Kabila na chama chake cha PPRD kwa siku 90. Hakukuwa na kipindi kilichoshtakiwa, bali kundi zima la siasa liliondolewa masikioni mwa watu.

Ukimaliza sababu, fungua kalenda ulinganishe tarehe ya amri na matukio ya siasa. Moïse Katumbi alijiuzulu ugavana wa Katanga na kukiacha chama tawala cha wakati huo Septemba 2015. Televisheni yake ya Nyota ilifungwa mjini hapa mwanzoni mwa 2016, sababu ya hadharani ikiwa kodi, na ilirudi hewani 2019 baada ya nchi kupata Rais mwingine. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018, na kesho yake matangazo ya redio ya Kifaransa ya RFI yakakatwa pamoja na intaneti. Angalia pia tarehe ya mwisho ya leseni, kwa kuwa serikali inaweza kukinyamazisha kituo bila kukifunga: Venezuela, Mei 2007, RCTV iliyokuwa hewani tangu 1953 ilinyimwa tu leseni mpya muda wake ulipoisha.

Sasa andika. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kituo kikifungwa kwa siku 90, jibu linaweza kufika adhabu ikiwa imeshakwisha, kwa hiyo barua itoke katika wiki ya kwanza. Iwe ya ukurasa mmoja, itaje namba na tarehe ya amri, iulize maswali yenye majibu (kifungu kipi, ripoti ipi, notisi ya lini), iambatanishwe na jedwali lako, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Unaweza kutaja pia tamko la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu la 2019 kuhusu uhuru wa kujieleza, linalotaka msimamizi wa utangazaji awe huru na leseni zitolewe kwa uwazi. Nakala moja iende kwa ofisi ya CSAC ya jimbo, nyingine kwa mbunge, nyingine kwa Journaliste en danger kule Kinshasa, shirika linaloweka kumbukumbu za mambo haya tangu 1998. Kesi yenyewe ni ya kituo na wakili wake, ambaye aitwe mapema kwa kuwa mahakama za utawala zina muda maalumu wa kupokea malalamiko.

Kituo kikifunguliwa, omba uamuzi wa kukifungua usomwe hewani, pamoja na masharti yaliyoambatana nao. Ukiambiwa ruhusa imetolewa kwa mdomo tu, barua yako ya pili ianze siku hiyohiyo.