Mtoto akilazwa: jinsi ya kumtuliza bila kumdanganya

Ndugu zangu wa Kigoma, hii naiandika kwa mama, baba, bibi au shangazi yeyote ambaye sa hivi yuko wadi ya watoto au kesho ataenda, mana dawa na dripu zina wenyewe ila woga wa mtoto unabaki mikononi mwako wewe uliyekaa pale kitandani. Mimi ni muuguzi, watoto ndo kazi yangu ya kila siku, na kama utashika kitu kimoja tu hapa basi shika hiki: usimdanganye mtoto.

Najua kwa nini watu wanadanganya. Mtoto katoka Kalya huko kwa boti, au kaletwa na gari ya wagonjwa toka Kibondo, kachoka, homa iko juu, mama anamwambia "twende tu, hamna sindano", af muda si mrefu watu watatu wamemshika anachomwa. Maumivu ya sindano yanaisha, ila kuanzia hapo hata ukimwambia hii ni panado tu ya kunywa hakuamini tena, kila mtu akiingia mlangoni yeye ni kilio. Na kile kitisho cha nyumbani cha "endelea kusumbua nimwite daktari akuchome", jamani tukiache, siku akiumwa kweli huyo daktari uliyemfanya zimwi ndo unataka amwamini.

Mwambie ukweli, mfupi, kwa maneno yake. "Sista atakuchoma mkononi, itauma kidogo kama siafu akikung'ata, af inaisha, na mimi nimekushika." Mdogo wa miaka mitatu minne mwambie pale pale kabla ya kuchomwa, ukimwambia asubuhi kitu cha jioni atashinda anaogopa. Wa miaka nane na kuendelea yeye mwambie mapema apate muda wa kuuliza. Na wewe mwenyewe uliza ratiba ili usimwambie "hii ndo ya mwisho" halafu isiwe ya mwisho. Mfano malaria kali, sindano ya artesunate anapigwa akipokelewa, af baada ya masaa 12, af yakifika masaa 24, na kama bado hawezi kumeza dawa wanaendelea mara moja kwa siku, kwa hiyo unaweza kumwambia kabisa bado ngapi mkahesabu pamoja kwa vidole.

Wakati wa kuchomwa omba umpakate. Mtoto akilazwa chali akabanwa miguu na mikono anaona kama anauawa, ila akikaa mapajani kwako kifua kwa kifua, mkono mmoja tu uko nje kwa sista, anapigana kidogo sana na kazi inaisha haraka. Mwombe sista kwa upole, wengi tunakubali. Anayenyonya mnyonyeshe, aanze kabla ya sindano na aendelee baada yake, inapunguza maumivu kweli, isipokuwa kama anapumua kwa shida au mmeambiwa asile kitu. Mkubwa mwambie apulize polepole kama anazima mshumaa. Na usimwambie "nyamaza, mwanaume halii", mwambie lia tu mwanangu ila mkono usitingishike. Mpe na kauchaguzi kadogo, mkono upi, akae au alale, ila usimuulize "uchomwe usichomwe" wakati jibu unalo tayari.

Kuna jambo wazazi wengi hawalijui. Watoto wa miaka mitatu mpaka sita hivi mara nyingi wanadhani wameumwa kwa sababu walikosea. Mtoto mmoja alinivuta gauni akaniuliza kwa sauti ndogo, "sista nikirudisha ile mia mbili ya mama homa itaisha?", yani muda wote kalala na drip mkononi anajihesabia dhambi na mama yake hana habari. Kwa hiyo usisubiri akuulize, mwambie mwenyewe na urudie: malaria imeletwa na mbu, hujakosa kitu, hakuna anayekuadhibu.

Sasa huyu mtoto mtulivu. Wadini tunampenda mtoto asiyelia, ila mimi huyo ndo namwangalia mara mbili. Uingereza zamani wazazi waliruhusiwa kuona watoto wao hospitali kwa muda mfupi tu, na ikaaminika watoto wanazoea kwa vile wananyamaza, mpaka miaka ya 1950 watafiti wawili, James Robertson na John Bowlby, wakaonyesha kwamba mtoto anaanza kwa kulia, anafuata kukata tamaa, mwisho anampa hata mama yake mgongo, na mwaka 1959 ripoti ya serikali yao ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuingia muda wowote. Sisi huku mama analala na mtoto wake, hiyo ni hazina tusiichezee. Ukiona mtoto hacheki, hakuangalii, kanyamaza tu, mwambie muuguzi kama ambavyo ungemwambia homa imepanda.

Ukitaka kutoka, aga. Usimtoroke akiwa kalala. Mwachie kanga yako na umwambie "narudi baada ya uji", mana saa nane yeye haijui ila uji anaujua, na urudi kweli. Akina baba nanyi shikeni zamu, mama akizidiwa na usingizi na njaa mtoto anausoma uso wake.

Mchezo sio anasa. Shirika la Afya Duniani kwenye hatua 10 za kutibu utapiamlo mkali, hatua ya 9 ni kumchangamsha mtoto na kumpa upendo, wanataka mchezo wa kupangwa wa dakika 15 mpaka 30 kila siku. Vifaa vipo tu, chupa tupu ya maji tia mahindi kidogo funga kifuniko kwa nguvu ni kayamba, daftari na penseli achore boti na migebuka, kitambaa kifunge kiwe mwanasesere umwekee plasta pale pale mtoto alipowekewa kanula (kale kamrija ka dripu), utamsikia anamwambia mwanasesere wake "usiogope". Usiku hadithi na vitendawili. Na mtoto anayejua Kiha tu, ongea nae Kiha, tafuta hata mama wa kitanda cha pili amtafsirie anachosema sista, kusikia lugha usiyoielewa huku unaumwa ni mateso.

Gumu kuliko yote ni mtoto wa kitanda cha jirani akifariki. Watoto wanaona, kitanda kinabaki kitupu, mama mwingine analia. Usimwambie "amelala" wala "amesafiri", utakuta usiku anakataa kufumba macho. Mwambie amefariki, ugonjwa wake ulikuwa mkali sana, wewe wa kwako ni tofauti na unatibiwa (kama ndo kweli), na kama huna uhakika mwambie tu "madaktari wanakutibu na mimi siondoki hapa". Akiuliza tena mara kumi jibu mara kumi vile vile. Imani yenu semeni nae, dua, sala, ila isichukue nafasi ya kumjibu alichouliza.

Mkirudi nyumbani usishangae mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, au anang'ang'ania gauni lako mpaka chooni, anaota usiku. Wengi inapita yenyewe ndani ya wiki chache ukiwa mpole na ratiba ikirudi ile ile, shule, marafiki, kuchota maji kidogo. Usimpige wala kumcheka mbele ya wenzake. Ikizidi mwezi, au haongei, au hataki kula, mrudishe kliniki na uombe kuonana na afisa ustawi wa jamii, hospitali ya mkoa kama Maweni wapo, na kama uko mbali piga 116, ni simu ya bure ya msaada kwa mtoto, mzazi pia unaruhusiwa kupiga.