Kuimbia watoto Kigoma: wimbo, darasa na mahafali

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii ya kuimbia watoto wametokea kwaya au bongo fleva, na kosa lao huwa moja: wanatunga wimbo kwa koo lao wenyewe. Mtoto wa miaka minne hadi sita anaimba kwa raha ndani ya noti tano hivi, kuanzia D iliyo juu kidogo ya C ya katikati ya kinanda hadi A inayofuata. Kwa lugha ya wanakwaya, Doh ni D. Usishuke chini ya doh, usikae juu ya soh. Lah ukiipitia haraka si mbaya. Ukizidi hapo watoto wataacha kuimba na kuanza kupiga kelele, na mwalimu aliyesimama mlangoni atadhani wamefurahi sana.

Wanaume wana mtihani wa ziada. Sauti yao iko oktava moja chini, na mtoto mdogo akijaribu kuifuata huishia kunguruma. Kwenye rekodi, mtafute mwanamke au mtoto wa miaka tisa au kumi aongoze, wewe uitikie. Darasani imba kwa sauti nyembamba, uvumilie kuchekwa.

Wimbo wa kuruka uwe na mapigo 100 hadi 120 kwa dakika, wa kubembeleza kama 70. Dakika mbili zinatosha. Kiitikio kisizidi maneno manane na kisikike ndani ya sekunde 15 za mwanzo, kwa sababu utangulizi mrefu wa kinanda mtoto hausubiri. Atakuwa ameshamfinya jirani yake.

Maneno ndiyo sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo pigo zito, lile unalolipigia kofi, liangukie hapohapo: sa-MA-ki, m-TU-mbwi. Ukilazimisha SA-ma-ki ili muziki ukae sawa, mtoto anayeongea Kiha nyumbani na kujifunzia Kiswahili darasani ataondoka na matamshi hayo. Chukua wimbo wa usalama wa njiani: ba-ra-BA-ra ni njia, lakini ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Ukiongeza -ni, mkazo unahama, unakuwa ba-ra-ba-RA-ni. Ndiyo maana huwezi kubadili neno kwenye ubeti ukaacha mapigo yalivyokuwa. Kabla hujatia tuni, soma beti zote kwa sauti huku ukipiga makofi. Penye kukwaa, andika upya.

Na ukweli wa mambo uwe sahihi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika kwa kuwa taa haziwavuti dagaa tena vizuri. Tunga wimbo wa kuvua dagaa chini ya mwezi mpevu, watoto wa Kibirizi na Katonga watakusahihisha mbele ya wageni.

Ukiwa na nyimbo saba unaweza kuingia darasani. Kwa shule ya serikali, anza kwa mwalimu mkuu, naye atakuambia kama unahitaji barua ya ofisi ya elimu ya manispaa. Omba muda baada ya uji, kamwe si kabla yake, maana mtoto mwenye njaa haimbi. Kipindi kisizidi dakika 30: salamu, wimbo wa vidole, wimbo mmoja wa kuruka, wa kukaa, wa kuruka tena, mchezo wa kuitikiana, kisha wa kutuliza. Ukianza na wa kuruka umekwisha, hutawakalisha tena. Mwalimu asitoke darasani, hata akisema anakwenda ofisini mara moja. Hilo linamlinda mtoto, na wewe pia.

Vyombo ni vichache: ngoma moja, spika ya kuchaji, maiki ya kichwani ili mikono ibaki huru. Spika ikae mita tatu kutoka mstari wa mbele; ukiona watoto wanaziba masikio, punguza, usiulize. Manyanga tengeneza kwa chupa za maji za nusu lita. Weka choroko konzi moja tu, kwani chupa ikijaa zaidi ya robo mlio hufa. Paka gundi kwenye nyuzi za kifuniko, funga, zungushia selotepu. Usiruke hatua hiyo: choroko moja ikimwagika itaishia puani mwa mtu.

Studio nenda baada ya kuujaribu wimbo kwenye madarasa matatu tofauti. Usitumie biti uliyopakua bure mtandaoni, kwani mwenyewe akijitokeza, mapato yataenda kwake au video itaondolewa. Andikianeni na prodyuza nani anamiliki nini, kisha usajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ujisajili mwenyewe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Afisa utamaduni wa manispaa atakuelekeza. Wimbo wa jadi wa mchezo unaweza kuupanga upya, lakini usiuandike kuwa utunzi wako.

Kwenye YouTube, video ya watoto lazima itiwe alama kuwa ni ya watoto. Tangu Januari 2020 video za namna hiyo hazina maoni wala matangazo yanayomlenga mtazamaji binafsi, hivyo mapato yake ni madogo. Ukipiga picha darasani, pata ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na jina la shule lililo kwenye sweta lisionekane.

Hela zenyewe zipo kwenye shughuli: Siku ya Mtoto wa Afrika (Juni 16), siku za sikukuu, na hasa mahafali ya madarasa ya awali ya Novemba na Desemba. Piga hesabu kwa kichwa cha mtoto. Tuseme ni shilingi 500 kwa watoto 80: hiyo ni 40,000, kabla ya bodaboda na msaidizi. Nauli ya vyombo ikila robo yake, bei yako iko chini. Chukua nusu wakati wa kukubaliana. Na kwa kuwa mahafali huangukia msimu wa mvua, karatasi ya makubaliano iseme wazi kwamba mvua ikinyesha mnahamia darasani na malipo ya awali hayarudi. Nailoni ya kufunikia spika beba mwenyewe. Ya shule huwa imeshatumika kufunikia viti vya wageni rasmi.