Posho nyeupe kwenye sahani nyeupe

Mzee mwenye dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na uelewa) akiacha nusu ya chakula, usikimbilie kusema amekataa kula. Huenda haoni posho (ugali) nyeupe juu ya sahani nyeupe: macho ni mazima, lakini ubongo unashindwa kutenganisha rangi zinazokaribiana. Mpakulie kwenye sahani ya plastiki nyekundu au ya buluu, isiyo na maua (maua atayadonoa akidhani ni maharage). Matoke yanaonekana vizuri zaidi kwenye buluu. Sahani ya rangi haisaidii kama ana vidonda mdomoni, meno ya bandia yamelegea, au anapaliwa kila akimeza. Na akigoma kula ghafla, ndani ya siku moja au mbili, mpeleke kituo cha afya apimwe malaria na mkojo.