Namna ya kusoma matokeo ya shule kabla ya kuilaumu

Nimefundisha hisabati miaka 23, mingi katika shule ambazo kila mwaka hutajwa kuwa zimeshika mkia. Matokeo yakitoka, mabishano ni yale yale. Wapo wanaosema walimu ni wazembe, wafukuzwe, shule ifungwe. Wapo wanaosema umaskini umeshamaliza kila kitu, mwalimu hana lake. Pande zote mbili zimenichosha, kwa kuwa zinabishania karatasi ya matokeo na hakuna anayemtazama mtoto. Kama wewe ni mzazi, mjumbe wa kamati ya shule au mwalimu mkuu, na karatasi hiyo unayo mkononi, anza kwa kuuliza waliofanya mtihani ni wangapi.

Chukua daftari la mahudhurio la tangu mwanzo wa mwaka, uliweke kando ya orodha ya matokeo. Wastani hupandishwa kwa kufundisha, na hupandishwa vilevile kwa kuwaondoa walio dhaifu: huyu amekaririshwa darasa, yule kashauriwa ahame, mwingine kaambiwa abaki nyumbani siku ya mtihani. Ukikuta walioandikishwa ni 60 na waliofanya mtihani ni 46, wastani uache kwanza. Uliza wale 14 wako wapi, mmoja mmoja, kwa majina. Kumbuka pia kwamba katika darasa la watoto 20, mtoto mmoja ni asilimia 5. Ufaulu ukishuka kutoka asilimia 70 hadi 60, walioanguka ni wawili tu, na pengine mmoja wao alifiwa wiki ile.

Baada ya hapo tenganisha vitu viwili ambavyo karibu kila mtu huvichanganya: mtoto yuko wapi, na amesogea kiasi gani. Mwaka 1966 huko Marekani, James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyotokana na kupima wanafunzi zaidi ya laki tano. Waliona kuwa tofauti za alama zinaelezwa zaidi na hali ya familia anakotoka mtoto kuliko vifaa na fedha za shule. Wengi wakaisoma ripoti ile kana kwamba imesema shule haina maana. Lakini ilipima watoto walipokuwa wamefika siku ile, haikupima walichojifunza ndani ya mwaka. Miaka mingi baadaye Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alifuatilia alama za miji mbalimbali ya Marekani kutoka darasa la tatu hadi la nane. Wanafunzi wa Chicago, ambao wastani wao ulikuwa chini, walikuwa wamejifunza mambo ya kama miaka sita ndani ya miaka mitano. Anayetazama alama za mwisho peke yake angesema shule za Chicago ni mbovu.

Kupima mwendo si kazi ya watafiti peke yao. Mimi hufanya hivi. Wiki ya pili ya mwaka natunga maswali 20 ya darasa walilotoka, si walilopo. Natembea katikati ya madawati nikitazama wanavyofanya, kwa sababu anayehesabu vidole chini ya meza na anayekopi kwa jirani wote wanaweza kuandika jibu moja. Mwisho wa mwaka nawapa maswali ya aina ile ile, tarakimu nimezibadilisha. Kila mtoto namwandikia alipoanza, alipomaliza, tofauti, na siku alizokosa. Mwaka mmoja binti alianza na 3 akamaliza na 11. Aliyekaa naye dawati moja alianza na 15 akamaliza na 16. Ripoti ya shule ilisema wa kwanza kashindwa na wa pili kafaulu. Nakuuliza wewe, ni yupi aliyefundishwa mwaka ule?

Ila usikimbilie kumhukumu mwalimu kwa tofauti ya mtoto mmoja. Aliyekuwa na homa siku ya upimaji wa kwanza atapanda tu kwenye upimaji wa pili, hata asipofundishwa kitu. Tazama kundi, na ikiwezekana miaka miwili au mitatu.

Sasa umaskini. Usiuandike kama sifa ya mtoto. Utafute unapoingilia masomo. Utauona kwenye safu ile ya nne, ya siku alizokosa. Utauona kwa anayehamahama nyumba, na kwa anayelala kipindi cha kwanza kwa sababu usiku alibembeleza mdogo wake. Nilikuwa na kijana aliyekosea kunakili ubaoni kila siku: 8 anaandika 3, 6 anaandika 0, kisha anakokotoa hesabu yake ya makosa bila kosa hata moja. Nikamwandikia kwenye ripoti, "mzembe". Muhula mzima ulipita ndipo nikamhamishia dawati la mbele kwa sababu nyingine kabisa, na siku ile ile makosa yakaisha. Alihitaji miwani, na kwao hawakuwa na uwezo. Neno lile nililoliandika linaniuma mpaka leo.

Huko Baltimore, mji wa Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifuatilia wanafunzi waliopewa miwani shuleni. Mwaka wa kwanza alama za kusoma zilipanda, na waliokuwa nyuma zaidi ndio walionufaika zaidi. Mwaka wa pili faida haikudumu. Kwa hiyo ukiwapa watoto miwani, rudi uangalie kama bado wanaivaa.

Mageuzi yoyote unayoletewa, uliza yatamfikia nani. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia 1985, madarasa ya wadogo yalipunguzwa hadi wanafunzi 13 mpaka 17, yakalinganishwa na ya 22 mpaka 25. Watoto wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi, hasa weusi na wa familia maskini. Sheria ya elimu ya Marekani iliyosainiwa Januari 2002, iitwayo No Child Left Behind (asiachwe mtoto nyuma), yenyewe ilitaka kila mwanafunzi afikie kiwango kilichowekwa cha kusoma na hesabu ifikapo 2014. Haikuwezekana. Katika mji wa Atlanta, huko huko Marekani, presha ya alama iliwafikisha walimu na wasimamizi wa shule mahakamani kwa udanganyifu wa mitihani, na 11 kati yao wakapatikana na hatia mwaka 2015. Hata hivyo sheria ile ilifanya jambo moja ninaloliheshimu: ililazimisha alama za watoto maskini, wenye ulemavu na wa kila asili zitolewe peke yake, zisifichwe ndani ya wastani. Hilo lidai shuleni kwako hata kama hakuna sheria inayokupa haki hiyo.

Siku ya mkutano, usisimame na kuuliza kwa nini tumekuwa wa mwisho. Omba ile karatasi ya safu nne. Mwalimu mkuu akikuambia hawana alama za mwanzo wa mwaka, usigombane naye. Ombeni upimaji ufanyike wiki ya pili ya mwaka ujao, na ujitolee kusaidia kujumlisha alama, maana mwalimu mwenye wanafunzi 60 hukosa muda kabla hajakosa nia.