Kabla hujampiga picha mtoto mchanga nyumbani kwao

Nawa mikono. Ukiwa na mafua, ahirisha, hata kama umeshapokea malipo ya mwanzo. Pete na saa vua, manukato acha kwako. Mkanda wa kamera uwe shingoni kila unapoinama juu ya mtoto. Hilo halina mjadala.

Wengi hutaka siku ya 5 hadi ya 14, kwa kuwa mtoto bado hulala sana na hujikunja kama alivyokuwa tumboni. Sawa, lakini muulize mama yake kwanza. Kajifungua juzi tu, na ziko nyumba hapa kwetu ambazo mgeni haoni mtoto kabla ya arubaini. Ukiambiwa subiri, subiri, wala usianze kueleza habari za siku ya 14.

Taa yako ni dirisha, kwa hivyo uliza limeelekea wapi kabla hujapanda tuktuk. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na jua hutuvuka kwenda na kurudi. Kukumbuka ni rahisi: kaskazi inapovuma, Desemba na Januari, jua liko kusini, basi tafuta dirisha la kaskazini. Kusi ikishika, Juni na Julai, jua limehamia kaskazini, basi dirisha la kusini ndilo lako. Hapo mwanga huingia mpole, bila miale. Anza saa tatu asubuhi, saa tano uwe unafunga mkoba. Watu huzidharau nyumba za Mji wa Kale kwa giza la vichochoro, mimi nazipenda. Ukuta mweupe wa jirani ukipigwa na jua hukurudishia mwanga laini usioweza kuununua dukani, na tangu kaunti iagize mwaka 2018 majengo ya mjini yapakwe rangi nyeupe, kuta za namna hiyo si haba.

Grili za dirisha zikichora mistari kitandani, tundika shuka jembamba jeupe. Zima taa zote za ndani. Utosi wa mtoto uelekee dirishani, mwanga umshukie usoni kwa mshazari. Ukimpanda kutoka kidevuni atatisha. Na ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, usifungue mkoba papo hapo: lensi itashika ukungu. Nusu saa, kunywa chai.

Sasa pazia. Hapa ndipo nilipoungua.

Nyumba moja upande wa Likoni, mtoto wa siku 5, pazia zito la rangi ya dhahabu. Kwenye kioo cha kamera mtoto alikuwa manjano, na sikushangaa, kwani shuka nalo lilikuwa manjano. Nyanya yake, aliyesimama mlangoni na leso yake mabegani, akaniuliza, "Mwanangu, mbona huyu mtoto namwona si rangi yake?" Nikacheka. "Ni pazia hilo, nyanya. Nitalitoa kwenye kompyuta." Akanyamaza, maana mwenye kamera ndiye mjuzi. Na mtoto mwenyewe alilala usingizi ambao kila mpiga picha huuombea: nikamgeuza, nikamfunga leso, nikamfungua, hakushtuka. Mama akajaribu kumnyonyesha, akakataa. Nikamsifu kwa utulivu.

Usiku nikakaa kusafisha picha. Nikavuta rangi mpaka shuka likawa jeupe kabisa. Mtoto akabaki manjano. Katika picha moja alikuwa amefumbua jicho kidogo, na ule weupe wa jicho haukuwa mweupe. Unadhani nilipiga simu? Nilichagua ngozi peke yake nikaendelea kuvuta, mpaka akapendeza.

Asubuhi mama akanipigia yeye. Nyanya hakulala, alfajiri aliwaamsha wote, wakampeleka hospitali, akalazwa chini ya taa za buluu, zile za kutibu manjano ya watoto wachanga. Alipona. Picha niliwapa bure, na yule bibi hajanilaumu mpaka leo, jambo ambalo ni zito kuliko matusi.

Kwa hivyo: pazia la rangi lishushwe kabla ya picha ya kwanza, na picha ya kwanza iwe ya mtoto kando ya kitambaa cheupe. Kitambaa kikiwa cheupe na mtoto manjano, si pazia. Kwenye ngozi nyeusi tazama weupe wa macho na fizi, papo hapo dirishani, maana mwanga wa mchana huonyesha manjano vizuri kuliko balbu. Mtoto anayelala kupita kiasi na kukataa ziwa si mtulivu. Waambie kwa upole waende hospitali leo, si kesho, na usiwe wewe wa kuwashauri wamwanike jua la asubuhi. Funga mkoba, utarudi.

Mengine mnayajua. Feni isimpulize mtoto aliye uchi hata kama wewe unatoka jasho. Chetezo cha udi kitolewe chumbani. Mitindo ya kumshikisha kidevu kwa viganja vyake, achana nayo. Zile ni picha mbili zilizounganishwa, na mkono wa mtu ulikuwapo. Paka atolewe nje. Watoto wakubwa wapewe kazi. Usiweke picha mtandaoni bila ruhusa ya mama, na ukishapewa, uliza tena, kwa sababu nyanya huenda hajaulizwa.