Hoki ya barafuni: mchezaji kaanguka, unahisi shingo imeumia, ufanye nini

Wakuu, kinachovunja shingo kwenye hoki ya barafuni mara nyingi ni kuingia ukutani kichwa kwanza huku umeinamisha kichwa. Travis Roy wa Boston University alipooza hivyo mwaka 1995, sekunde 11 tu baada ya kuingia mechi yake ya kwanza chuoni.

Hatua ya 1: mchezo usimame, asiinuliwe wala kuburutwa hadi benchi. Akisema shingo inauma, ganzi, mkono hauna nguvu, au kazimia, chukulia shingo imeumia na mtu apige simu ya ambulensi saa hiyohiyo.

Hatua ya 2: mmoja apige magoti kichwani kwake, viwiko avikite ili asiteleze, ashike kichwa kwa mikono miwili bila kuvuta, na asiachie mpaka apokewe na mwenye ujuzi. Mwambieni ajibu kwa mdomo, maana ukimuuliza kitu atatikisa kichwa bila kujua.

Hatua ya 3: helmeti na pedi za mabega ziacheni. Hapa ndo watu wanaharibu, wanakimbilia kumvua helmeti apate hewa, kumbe pedi zimeinua mabega na helmeti ikitoka peke yake kichwa kinaangukia nyuma. Ila wengi wanavaa helmeti imelegea, kamba ya kidevu inaning'inia, sasa hapo kushika helmeti sio kushika kichwa, ingiza vidole ushike taya na kichwa chenyewe.

Hatua ya 4: kama hapumui, pumzi inatangulia shingo. Fungua wavu wa uso, toa kinga ya meno, sukuma taya mbele bila kukunja shingo, fungua pedi ya kifua uanze kukandamiza.

Mfunikeni blanketi, barafu inapoza mwili haraka sana.

Swali: Kalala kifudifudi, nimgeuze?
Jibu: Anapumua vizuri? Muache. Hapumui au anatapika, mgeuzeni watu kadhaa kwa pamoja, aliyeshika kichwa ndo anahesabu, kichwa na kiwiliwili viende pamoja.

Swali: Kainuka mwenyewe anasema yuko poa, ila anajishika shingo?
Jibu: Harudi mchezoni hata akilia. Alale palepale, ashikwe kichwa, msubiri ambulensi.

Swali: Kola ya shingo tunayo, tumvalishe?
Jibu: Kama hamjafunzwa, hapana mkuu. Akiwa na helmeti na pedi haikai sawa, na kuilazimisha ndo kunatikisa shingo. Mikono inatosha.