Unakwenda ng'ambo kusomea hisabati? Sanduku lisubiri kidogo

Mtu akishapata barua ya udahili, maswali yanayomiminika ni ya sanduku: kilo ngapi, koti la aina gani, nibebe vitabu vipi. Koti nunua huko huko. Wenyeji ndio wanaoijua baridi yao. Vitabu acha, ni vizito na maktaba za vyuo zinavyo. Beba madaftari yako tu, yale uliyofanyia mazoezi kwa mkono wako. Yanayowaangusha watu wa fani yetu ni mengine kabisa: pesa ya miezi miwili ya mwanzo, na pengo lililopo kati ya hisabati ya kukokotoa na hisabati ya kuthibitisha.

Jua unaingia mfumo upi

Marekani humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, kwa miaka mitano au sita hivi. Miaka miwili ya mwanzo ni madarasa na mitihani ya kufuzu, ile inayoamua kama utaendelea na utafiti. Msimamizi unamtafuta baadaye. Uingereza ni kinyume chake. Uzamivu ni miaka mitatu hadi minne, unaingia ukiwa na msimamizi na mada, na aghalabu wanataka uwe umemaliza uzamili. Ujerumani nao hudai uzamili kwanza, lakini mwanafunzi wao wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo, mwenye mkataba na mshahara. Anayekwenda kwa uzamili bila ufadhili ndiye anayekutana na akaunti iliyozuiwa ya kuombea viza: kwa kiwango kilichowekwa 2024, unaweka euro 11,904 za mwaka mzima, kisha unaruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi.

Ukiona msingi wako bado una nyufa, pitia njia ya kati bila aibu. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003 na sasa ipo Kigali pia, hufundisha uzamili. ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, kilichoasisiwa na mwanafizikia Abdus Salam mwaka 1964, kina diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na wanaochaguliwa hugharamiwa. Kwangu mimi, mwaka mmoja wa namna hiyo ni bora kuliko kukimbilia uzamivu ukakwama mwaka wa pili.

Karatasi

Masharti ya viza hubadilika, na ya Marekani yamebadilika sana tangu 2025. Raia wa baadhi ya nchi za ukanda wetu wamebanwa hata kwenye viza za masomo. Soma tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa chochote. Ukiwa na njia, mlolongo ni huu: chuo kinakutumia fomu ya I-20 inayothibitisha udahili wako, unalipa dola 350 za SEVIS (mfumo wa serikali wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni), unajaza DS-160, yaani fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, kisha usaili ubalozini. Viza ya F-1, ambayo ndiyo ya mwanafunzi, haikuruhusu kuingia nchini zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza programu, kwa hiyo tiketi ya bei nafuu ya mapema mno itakuponza. Uingereza, mwombaji anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda kwa masomo ya zaidi ya miezi sita lazima awe na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Mwenye familia akumbuke pia kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa darasani hawaruhusiwi kuja Uingereza na wenza wala watoto. Wa uzamivu wanaruhusiwa.

Majina yetu matatu ni chanzo cha usumbufu usioisha. Mpangilio wa pasipoti ndio utakaofuatwa na benki, chuo na mamlaka ya kodi, basi hakikisha barua ya udahili inalingana nao herufi kwa herufi. Kama cheti cha shahada kimepanga tofauti, tafuta hati ya kiapo ungali nyumbani. Chukua pia nakala rasmi za matokeo kadhaa, zilizofungwa kwa muhuri, na muhtasari wa kila somo la hisabati ulilosoma. Idara ikitaka kujua kama uruke somo fulani, haitatazama alama yako. Itauliza mlifika sura ya ngapi.

Pesa

Kemia ina maabara na miradi inayowalipa wanafunzi. Sisi hatuna. Mwanahisabati chipukizi nchini Marekani anaishi kwa kufundisha: chuo kinamsamehe ada na kumpa posho, naye anasimamia mazoezi ya kalkulasi na kusahihisha. Barua ya ufadhili isome kama unavyosoma teoremu, masharti kabla ya hitimisho. Posho ni ya miezi tisa au kumi na miwili? Ada ndogondogo zimesamehewa au zitakatwa humo humo? Bima ya afya nani analipa? Usikubali kuharakishwa pia: vyuo vingi vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili ana hadi Aprili 15 kujibu.

Masomo huanza mwishoni mwa Agosti, na malipo ya kwanza yanaweza kuchelewa hadi mwisho wa Septemba. Katikati hapo mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana juu yake. Andaa akiba ya miezi miwili. Ukishindwa, mwandikie mapema katibu wa idara anayeshughulikia wanafunzi wa uzamivu na umuulize kuhusu mkopo wa dharura. Yeye ndiye mtu muhimu kuliko wote katika jengo lile, maprofesa wakiwemo.

Kwenye kodi ya mapato, usijilinganishe na mwenzako wa ofisi moja. Wachina, kwa mfano, wana mkataba wa kodi unaowasamehe sehemu ya kipato cha mwanafunzi. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba kama huo na Marekani, kwa hiyo utakatwa. Nafuu ipo kwenye makato ya Social Security na Medicare (pensheni ya taifa na bima ya afya ya wazee), ambayo kwa kawaida mwanafunzi wa F-1 hakatwi katika miaka yake mitano ya kwanza. Ukikuta umekatwa, dai. Na kazi yako isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Ubaoni

Kusamehewa mtihani wa Kiingereza wakati wa udahili hakumaanishi umesamehewa wa kufundisha. Vyuo vingi humpima kwa mazungumzo msaidizi wa kufundisha aliyetoka nje, na lafudhi si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani; tatizo ni kasi na kutotamka alama za hisabati. Wengi wetu tumezoea kuandika fomula kimya kimya. Jizoeze kusoma kwa sauti kila alama unayoandika, ukiwa umesimama, huku mtu asiyejua hisabati akikusikiliza.

Sasa uthibitisho. Inawezekana ulikuwa wa kwanza darasani kwa kutafuta majibu ya milinganyo, na bado ukashindwa kuthibitisha kwamba kila mfuatano unaopanda na wenye kikomo cha juu unakaribia namba fulani. Mwaka wa kwanza hakuna atakayekuuliza jibu la mlinganyo. Miezi iliyobaki kabla ya safari itumie kwa mambo matatu: epsiloni na delta (yaani kuthibitisha ukomo kwa makini), aljebra dhahania (makundi na ringi), na nafasi za vekta. Usiyasome tu. Chagua kitabu kimoja, funika uthibitisho, jaribu mwenyewe, kwama siku mbili, ndipo ufunue. Mazoezi matano uliyoyaandika kikamilifu yana uzito kuliko sura tano ulizozipitia kwa macho.

Ukifika, usijifungie chumbani na karatasi za maswali. Huko kila mtu anafanya kwa vikundi, kisha anaandika jibu kwa maneno yake. Mhadhiri akisema saa zake za ofisi ni fulani, nenda. Kubisha hodi pale si kumsumbua, ndiyo kazi anayolipwa.

Mitihani ya kufuzu usiisubiri mwaka wa pili. Idara nyingi huweka ya miaka iliyopita kwenye tovuti zao, na baadhi humruhusu mwanafunzi mpya kuufanya mtihani huo Agosti ile ile aliyofika: akifaulu ameutua mzigo, akishindwa haihesabiwi. Huwa unafanyika kabla madarasa hayajaanza, basi ulizia tarehe yake kabla hujakata tiketi.